Babu alizaliwa wapi?

Shangazi yangu aliyeko Jalandhar, India, ana miaka 84, na tangu masika yaliyopita hawezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Hana mtoto. Mumewe alifariki zamani. Nyumba yake ni vyumba viwili na ua, na msichana wa jirani aliyekuwa akimpikia anaolewa mwezi wa kumi na moja. Nilipokuwa mdogo hapa Kisumu, kila barua aliyomwandikia baba ilikuwa na karatasi yangu ndani, yenye herufi tano za Kigurmukhi alizoziandika kubwa kubwa ili nizinakili nimrudishie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma Kipunjabi, herufi tano tano, kwa posta. Sitakubali auguzwe na watu wa kulipwa nami nipo.

Nimekwenda kumwona mara tatu kwa viza ya mtandaoni. Inamtosha mtalii, na inamtosha mgonjwa anayekwenda kupasuliwa na kurudi, lakini siku zake zinahesabika, na ugonjwa wa mzee hauhesabiki. Safari hii nataka kukaa mpaka yeye mwenyewe aseme nirudi. Ndiyo sababu nimeomba kadi ya Raia wa Ng'ambo wa India, ile ambayo sote tunaiita OCI. Naandika haya kwa sababu zipo familia nyingi Kisumu, Kakamega, Bungoma, hata Nakuru, zenye babu kama wangu, na nimeona watu wakiiacha fomu ukurasa wa kwanza kwa kudhani haiwahusu.

Nianze na nililoambiwa sokoni. Pale Kibuye kuna mama ninayenunua kwake samaki tangu niolewe. Habari zilikuwa zimemfikia. "Nyar Kisumu," yaani binti wa Kisumu, akaniambia huku akipaa ngege, "nasikia unahama, unarudi kwenu." Hakuwa na ubaya. Lakini neno lile "kwenu" lilinichoma, na nilibaki nimesimama na kikapu mkononi. Nikamwambia kwamba kwetu ni hapa, kwamba mimi nilizaliwa hapa hapa Kisumu, hospitali tunayoiita Russia, kama wanawe wote wanne, na kwamba ninakwenda kumuuguza shangazi. Akaniangalia, akaniongezea samaki mmoja, akasema, "Basi mpelekee salamu zangu."

Kwa hiyo niliseme wazi kwa yeyote mwenye wasiwasi kama wake. Kadi hii, japo jina lake lina neno "raia", si uraia. Katiba ya India haimruhusu mtu wake kuwa na uraia wa nchi nyingine. Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini ruhusa ya upande mmoja haitoshi. Kadi ilianzishwa mwaka 2005 ili wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine wawe na njia ya kuingia na kukaa. Mwenye kadi hapigi kura India, hagombei ubunge, na hanunui shamba la kilimo. Nyumba anaweza kununua, na akaunti ya benki anaweza kufungua. Anayetaka kuhubiri dini, kufanya utafiti, kuandika habari au kupanda milima lazima aombe kibali maalumu. Kwangu mimi ulikuwa mstari mmoja tu wenye uzito: kuingia wakati wowote, maisha yote, na kukaa bila kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya wageni. Unapewa kijitabu kinachofanana na pasipoti, lakini pasipoti unayosafiria ni ile ile ya Kenya.

Nani anastahili? Sheria inaanza na mtu aliyekuwa raia wa India tarehe 26 Januari 1950, siku Katiba yao ilipoanza kutumika, au baada ya hapo, na pia mtu ambaye siku ile alistahili kuwa raia hata kama hakuomba. Kutoka kwa mtu huyo unashuka: mtoto, mjukuu, kitukuu. Hapo mstari wa watu wazima unakatika. Mimi ni mjukuu. Mwanangu wa miaka 17 ni kitukuu, naye anaingia kwa fomu yake mwenyewe. Mume wangu, ambaye ni Mmaragoli, anaweza kuomba akiwa mume wa mwenye kadi, mradi ndoa imesajiliwa na imedumu miaka miwili mfululizo. Yetu ina miaka 19. Ameniambia nitangulie.

Kisha nikafika kwa babu.

Wazee wa Kisumu walimjua kama fundi Kalasinga wa bandarini. Alikuwa seremala. Watu wengi wakisikia Mhindi na Kisumu wanadhani babu zetu sote ni wale waliojenga reli, wale takriban 32,000 walioletwa kutoka India kuanzia 1896, ambao reli yao iliufikia mji huu Desemba 1901, ukiitwa Port Florence. Babu hakuwa mmoja wao. Alikuja 1934, kijana wa miaka 22, reli ikiwa imeshazeeka, akaajiriwa karakana ya bandari. Meli ya Victoria ilipoletwa kutoka Scotland vipande vipande na kuungwa upya hapa kwenye gati letu, hata ikaanza safari 1961, yeye alikuwa katika mafundi waliofanya kazi ya mbao. Baba alikuwa na miaka 17. Alisema babu alirudi nyumbani kila jioni na vumbi la mbao ndani ya kilemba, na nyanya alikikung'uta uani kabla hajamruhusu kuingia.

Alizaliwa wapi? Fomu inauliza. Alizaliwa kijiji kimoja cha wilaya ya Sialkot, Punjab. Tazama ramani ya leo: Sialkot iko Pakistan.

Agosti 1947 nchi ilipogawanywa, babu alikuwa kazini Kisumu. Ndugu zake wawili walitoka kijijini na walichoweza kubeba wakaishia Jalandhar, na ndiyo maana leo shangazi yuko huko. Babu hakuwahi kukiona tena kijiji kile. Hakukuwa na mtu wa kumwandikia. Na fomu, baada ya kuuliza mahali pa kuzaliwa, inauliza kama wewe, wazazi wako, babu na nyanya zako, hata wazazi wa babu na nyanya zako, kuna aliyewahi kuwa raia wa Pakistan au Bangladesh. Aliye na mmoja tu wa namna hiyo, mlango umefungwa.

Usiku ule nilikaa mbele ya swali hilo mpaka saa nane. Mume wangu aliamka akanikuta nimeegemea meza ya jikoni, kompyuta imejizima.

Nilimpigia simu wakala mmoja wa Nairobi ambaye watu walinipa namba yake. Alitaka shilingi 25,000 ili anijazie fomu. Nilipomweleza habari ya Sialkot alijibu haraka, kama mtu aliyeshawahi kulisema: "Andika Jalandhar. Nani atajua?" Nilikata simu. Sheria yenyewe inasema kadi iliyopatikana kwa uongo inaweza kufutwa, na hilo peke yake lingetosha kunizuia. Lakini halikuwa hilo. Babu alinyang'anywa kijiji mara moja, bila kuulizwa, akiwa mbali. Nilihisi kwamba nikiandika Jalandhar nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Wengine walinishauri nipitie upande wa mama, ambaye alizaliwa Nakuru na watu wake ni wa Jalandhar kweli. Kwa mahali, njia hiyo ilikuwa nyepesi. Kwa karatasi haikuwepo: baba yake mama hakuacha hata risiti. Na hata ningeipitia, lile swali la Pakistan linawahusu wote, wa kuumeni na wa kuukeni.

Nilichofanya ni kusoma Katiba ya India yenyewe, ibara ya 8. Ibara hiyo inawahusu watu wa asili ya India waliokuwa wakiishi nje. Inamzungumzia mtu ambaye yeye, au mzazi wake, au babu au nyanya yake, alizaliwa India kama ilivyoelezwa katika sheria ya serikali ya India ya mwaka 1935. Nilirudia kuusoma mwaka huo mara tatu, nne. Mwaka 1935 hakukuwa na Pakistan. India ya sheria ile ina Lahore ndani yake, na ina Sialkot. Mtu aliyezaliwa Sialkot 1912 na akawa anaishi Kisumu siku ile ya 1950 alikuwa anastahili kuandikishwa raia wa India. Na kuhusu swali la pili, babu hakuwahi kuomba wala kupewa uraia wa Pakistan. Baba yake alifariki 1941, miaka sita kabla nchi hiyo haijakuwepo. Niliweka alama kwenye "hapana" na mkono wangu haukutetemeka.

Sasa kuthibitisha. Hapa ndipo nawaomba mnaosoma mniazime masikio, hasa ninyi mlio na wazee hai. Sheria haiangalii unavyojijua, inaangalia karatasi. Kinatakiwa kitu kinachoonyesha asili ya India ya yule wa kwanza, kisha vyeti vinavyomuunganisha na wewe hatua kwa hatua, babu na baba, baba na mimi. Mzee anajua sanduku liko wapi. Akiondoka, mnabaki mnafungua kabati moja baada ya jingine.

Sanduku letu la bati lilikuwa stoo ya karakana yetu ya mbao, njia ya Kibos, chini ya mbao za mvule ambazo baba alizihifadhi kwa kazi ambayo hakuwahi kuianza. Tulizitoa na mwanangu Jumapili moja baada ya ibada ya gurudwara, hekalu letu Makalasinga. Ndani kulikuwa na randa mbili za babu zilizofungwa kwa gunia lenye mafuta, vitabu vya sala, na bahasha ya kaki. Katika bahasha kulikuwa na pasipoti iliyoandikwa "Indian Empire" kwenye jalada, imetolewa Lahore 1934. Picha yake ni kijana mwembamba mwenye ndevu chache na macho ya mwanangu. Sikuwahi kumwona babu akiwa kijana. Alifariki 1976, miaka mitatu kabla sijazaliwa. Mwanangu aliiinua akaiweka karibu na uso wake, akaniuliza, "Mama, anafanana na mimi au mimi nafanana naye?" Nilishindwa kumjibu.

Chini yake kulikuwa na pasipoti ya Uingereza iliyotolewa Nairobi miaka ya hamsini, cheti cha baba cha kuzaliwa Kisumu, 1944, na hati yake ya kuandikishwa raia wa Kenya. Hati hiyo ina hadithi yake. Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, aliyezaliwa hapa akawa raia moja kwa moja iwapo mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Baba alizaliwa hapa lakini wazazi wake wote wawili walizaliwa Punjab. Watu kama yeye walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, waombe kuandikishwa. Baba aliomba mara tu alipotimiza miaka 21. Babu hakuomba, alibaki na pasipoti ya Mwingereza. Shangazi na mumewe, aliyekuwa karani wa reli, hawakuomba pia. Kazi zilipoanza kupewa wananchi, mume wake akapoteza ya kwake. Mwaka 1968 Uingereza ikawafungia mlango hata wenye pasipoti yake waliokuwa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata shangazi akapanda garimoshi kwenda Mombasa, na kutoka hapo meli, kwenda nchi ambayo hakuwahi kuiona. Ndiyo, shangazi naye alizaliwa Kisumu. Watu wa meza moja, na serikali tatu zilikuwa zimewagawana.

Kasoro ilikuwa jina. Kwenye pasipoti ya Lahore jina la kwanza la babu lina herufi moja zaidi, na karani aliyeandika cheti cha baba aliacha kabisa "Singh". Kwa macho ya ofisi hao ni watu wawili. Wakili mmoja karibu na mahakama alinitengenezea hati ya kiapo kwamba ni mtu mmoja, kwa shilingi 1,500, nikaiambatanisha. Cheti changu mwenyewe cha kuzaliwa kilikuwa kimechanika mahali penye namba, nikaomba kingine.

Kuhusu fomu nitasema machache. Inajazwa mtandaoni, sehemu ya kwanza na ya pili, na ukimaliza ya kwanza unapewa namba. Iandike kwenye daftari papo hapo kabla hujagusa kitu kingine. Jaza jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama nyumbani unaitwa vingine. Picha ni ya mraba, inchi mbili kwa mbili. Saini inatakiwa ndefu kwa upana, mara tatu ya kimo chake. Vijana wa saiba wamezoea picha za pasipoti ya Kenya na watakupiga mbele ya ukuta mweupe, lakini maelekezo niliyofuata yalitaka rangi hafifu isiyo nyeupe. Picha yangu ya kwanza ilikataliwa. Ya pili nilipigwa studio ndogo ya barabara ya Oginga Odinga. Yule kijana alifikiri kidogo, akaenda kwa fundi cherehani wa mlango wa pili akaazima kipande cha kitambaa cha samawati, akakibana ukutani kwa vibanio vya nguo. Ilikubaliwa. Nilirudi kumshukuru.

Nilisafiri Nairobi kwa basi la usiku, bahasha ya kaki nimeifunga tumboni ndani ya leso. Sikulala. Kila basi liliposimama niliigusa. Ubalozini nilifika mapema, nikangoja na watu wengine wachache, mzee mmoja wa Eldoret akiwa na mfuko wa vyeti vya watoto wake watano.

Mtu wa dirishani alipitia nakala zangu haraka haraka mpaka alipofika kwenye pasipoti ya babu. Akaniomba ya asili. Akaifungua kwa vidole viwili, taratibu, jinsi mtu anavyofungua kitu cha marehemu wa mwingine. "Sialkot," akasema. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama babu aliwahi kurudi huko. Nikamwambia hapana, hakurudi, nikamwonyesha pasipoti ya pili yenye mihuri yake yote, na cheti cha kifo cha Kisumu. Akamwita mwenzake, wakazungumza kidogo kwa Kihindi wakionyeshana mwaka na mahali. Niliyaelewa maneno machache tu, moyo wangu ukidunda. Kisha akanirudishia pasipoti zote mbili kwa mikono miwili, akagonga muhuri kwenye fomu, akanielekeza mahali pa kulipia. Ada ni dola 275. Kwa bei ya dola ya wiki ile ilikuwa kama shilingi 35,500, pesa za meza mbili za kulia chakula na viti vyake. Kadi yenyewe huchapishwa India na kurudishwa ubalozini, ndipo unaitwa.

Sijaitwa bado. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ukuta mfupi nikampigia shangazi. Binti wa jirani alimshikia simu sikioni. Nilimwambia nimeshapeleka kila kitu. Swali lake la kwanza halikuwa la lini nitafika. Aliuliza, "Pale pa babu umeandika nini?"

Nikamtajia kijiji, kama kilivyoandikwa Lahore. Akakaa kimya. Kisha akalirudia lile jina polepole, kwa sauti niliyoitambua kuwa si yake, ni ya babu, kwa kuwa yeye hakulisikia kwa mtu mwingine yeyote. Silabi ya katikati akaivuta. Mimi nilikuwa nikilitamka vibaya miaka yote hii. Akanifanya nilirudie naye mara mbili, pale ukutani, askari wa getini akinitazama.

Halafu akabadilisha lugha, akaingia Kiswahili, kile cha Kisumu ya miaka ya sitini ambacho hakuwahi kukiacha, akasema, "Mwanangu, ukija niletee wimbi. Uji wa huku hauna ladha."

Nimenunua kilo tatu Kibuye, kwa jirani wa yule mama wa samaki. Nimezianika zikakauka vizuri. Kesho nazipeleka kinuni.